Voisi ya sekunde tatu: kisa cha Mpemba aliyetolewa mapokezi akapelekwa dobi

Kisa hichi nimekaa nacho ofisini, nimesikiliza kila upande, na nakiandika kwa urefu mana naona ni jambo tunalopita nalo kila siku hapa Unguja na hatulisemi. Majina ya watu nayaacha na hoteli naiacha, itoshe kujua iko ukanda wa Kiwengwa, wageni wengi Wataliana, na mie nilikuwa ofisi ya wafanyakazi, yaani mafaili, likizo, mikataba, malalamiko, vitu hivo. Mwenyewe ni mtoto wa Ng'ambo, nimezaliwa na kukulia mjini, nalisema mapema kwa sababu linahusu.

Kijana mwenyewe kwao Micheweni, kaskazini Pemba. Alipomaliza skuli kavuka kuja kwa ami yake Kiwengwa, kaanza pwani na wale vijana papasi wanaotembeza wageni, na huko ndiko alikojifunza Kitaliana, cha kusikia tu, hakukaa darasani hata siku moja, lakini kimekaa mdomoni hasa. Alipoajiriwa mapokezi wageni walimpenda mno, kuna wazee wa Kitaliana wanarudi kila mwaka na wakishuka garini wanamuulizia yeye kwanza kabla ya chumba. Kiingereza chake cha kutosha kazi. Kiswahili chake ni Kipemba, akiwa katulia anakipunguza kidogo, akiwa na haraka kinatoka kama kilivo.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mke na mume walikuwa wanafika Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, ndege ikabadilishwa saa ikaja mapema, taarifa ya mabadiliko ikaingia kwenye kompyuta ya watu wa buking na haikupelekwa kwa dereva. Dereva wetu, mtu wa Morogoro, asubuhi hiyo alitumwa mjini kuchukua mboga na samaki wa jikoni kisha aende uwanjani kwa saa ya zamani. Kijana pale mapokezi akaona kwenye skrini ndege imeshatua, akamtumia dereva voisi ya WhatsApp, sekunde tatu tu, nyuma yake kuna kelele za watu wanaotoka: "Kuwachukua wageni?" Dereva akajibu kwa maandishi: "ndio ndio niko njiani". Kijana akaandika kwenye buku kwamba wageni wameshachukuliwa. Wageni wakakaa uwanjani karibu masaa mawili, simu zao hazina laini ya hapa, wakafika hotelini na teksi na hasira, na menija akarudisha pesa za usiku mmoja.

Supavaiza wa mapokezi, kaka mmoja kutoka Kanda ya Ziwa, mchapakazi sana na hilo nalisema kwa haki yake, aliitisha mkutano asubuhi yake mbele ya watu wote wa shifti, akaifungulia ile voisi kwenye spika. Mara ya kwanza watu wakanyamaza. Akairudia. Mara ya pili wakacheka, na hapa ndo nataka msomaji asikilize vizuri, waliocheka kwa nguvu zaidi hawakuwa watu wa Bara, walikuwa watu wa mjini, watoto wa Malindi na Mwembetanga na Kikwajuni, watu wangu mie. Dada mmoja wa buking, ofisi ile ile iliyokaa na taarifa ya ndege bila kuipeleka, aliiga lile "kuwachukua" kwa sauti ya puani mpaka watu wakashika mbavu. Kijana alikuwa kasimama pale pale karibu na mlango. Siku ya pili ikaja barua kwenye faili: mawasiliano hafifu, Kiswahili chake si sanifu na hakieleweki, ahamishiwe dobi kwa kuangaliwa. Dobi hakuna wageni, kwa hivo hakuna tipu, na kwa kijana wa mapokezi tipu ndo ilikuwa inaendesha nyumba ya mama yake Micheweni kuliko mshahara.

Nilimwita akaja. Nilitegemea alalamike, hakulalamika. Kanambia, "Dada, mie simkosea ntu. Nimuuliza, kanijibu ndio." Basi. Nikamuuliza dereva, na dereva naye alikuwa mkweli kabisa: "Dada, mimi nilijua ananikumbusha kazi. Kuwachukua wageni, si ndio kazi yangu? Nikamwambia ndio niko njiani, nilikuwa njiani kweli, natoka sokoni naenda uwanjani."

Wote wawili wakweli. Kipemba cha kule kaskazini, jambo lililokwisha kutendeka halihitaji "li" wala "me", mtu anasema nifika, kufika, kafika, tufika. Hiyo "ku" ni wewe. Kwa hivo "kuwachukua wageni?" ni "umeshawachukua wageni?", swali kamili lisilo na upungufu wowote. Kwa dereva wa Morogoro aliyesoma Kiswahili cha vitabuni, "kuwachukua" ni kitenzi kinachongoja mwenzake, ni jina la kazi, na kupanda kwa sauti kunakoonesha kuwa ni swali kumemezwa na kelele za mapokezi. Halafu "niko njiani" nayo ina pande mbili, niko njiani naenda au niko njiani narudi nao, na huyo aliyeyaandika maneno hayo Kiswahili chake kinaitwa sanifu. Kuna kauli mbili zilizogongana hapo, moja ya Kipemba na moja ya kiofisi, na juu yake kuna taarifa ya ndege iliyolala kwenye kompyuta. Barua ikaenda kwa mtu mmoja.

Nikajiuliza kwa nini yeye, na jibu sikulipata kwenye sarufi. Dereva hakuandikiwa hata mstari. Watu wa buking hawakuguswa. Wiki hizo hizo kijana mwengine wa mapokezi alimpa mgeni bei isiyokuwa yenyewe kwa kuchanganya namba za Kitaliana, pesa ikapotea, na ikasemwa ni bahati mbaya, anajifunza, ataelewa. Kukosea Kitaliana ni kujifunza, kusema Kipemba ni kutokujua. Mtu akishapangwa upande fulani, mdomo wake ndo unakuwa ushahidi, na ushahidi huo unapatikana kila anapofungua mdomo.

Inabidi nirudi nyuma kidogo hapa kwenye historia mana bila hiyo mtu atadhani ni ugomvi wa Bara na Visiwani tu. Hichi Kiswahili sanifu anachopimiwa kijana wa Micheweni kimetoka hapa hapa Unguja. Mmishionari Krapf alipofika Mombasa aliandika Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, wamishionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana, na Askofu wao Edward Steere wakaandika Kiunguja, na ule mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndo ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu na skuli kwa Afrika Mashariki yote ya Waingereza, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Lakini Kiunguja kilichochaguliwa ni cha mjini. Kilichaguliwa kwa sababu mji ulikuwa na bandari, una sultani, una misafara iliyotoka pwani mpaka Tabora na Ujiji, na wamishionari waliishi mjini na kusikiliza watu wa mjini. Makunduchi iko kisiwa hichi hichi na haikuchaguliwa. Tumbatu haikuchaguliwa, unaiona kwa macho kutoka Mkokotoni. Pemba yenye karafuu zote zile zilizolisha huo mji haikuchaguliwa. Hakuna aliyekaa akapima akaona "umefika" ni bora kuliko "kufika". Walipima nani ana nguvu, na lugha ikafuata.

Kikaondoka hapa kikaenda Bara, kikaingia skuli, redioni, jeshini, mahakamani, kikasafishwa na kuandikiwa kamusi, na sasa kinarudi kwetu na watu wa Bara waliokisoma vizuri, na anayerudi nacho ndo anakuwa supavaiza wa Mpemba. Yule kaka wa Kanda ya Ziwa hakukizua, alikipata skuli, alipigiwa fimbo mpaka akakijua, lugha ya mama yake ni nyengine kabisa, na kwake yeye Kiswahili hichi ndo kilichomtoa kijijini. Nilipokaa naye kanambia neno ambalo nimelibeba tangu siku ile, kwamba yeye tangu afike Zanzibar hajawahi kusema sentensi tatu mbele ya wenyeji bila mmoja kutabasamu. Akisema selasini, wanatabasamu. Akisema garama badala ya gharama, wanatabasamu. Kantini watu wanamuiga, na kuna jina baya tunawaita watu wa Bara, analijua, kashalisikia nyuma ya mgongo wake mara nyingi. Akasema, "Mimi nimechekwa dada, nikajifunza. Na yeye ajifunze."

Sikubaliani naye na nilimwambia, lakini nilimuelewa. Aliyechekwa akipewa kalamu, kalamu ile ile inamuandikia mwengine.

Nyuma ya pazia kumbe kantini imeshagawanyika. Wapemba wa jikoni na wa bustani wanakaa meza zao, wanasema Wabara wanatutoa kwetu, na ghafla wote wamekuwa Wapemba zaidi ya walivokuwa wiki mbili nyuma. Mpishi mmoja wa Wete, bibi mtu mzima ambaye siku zote mbele yangu anazungumza Kiunguja, nilipita mezani akanikaribisha, "Karibu kiakula mwanangu," yaani chakula, kwa kukusudia kabisa, akinitazama machoni. Wabara nao meza zao, wanasema Wapemba wanajitenga. Watu wa mjini katikati, wanakula na huyu leo na yule kesho, na wanacheka pande zote mbili.

Hili la watu kuzidisha lafudhi yao wanapobanwa si la Kiwengwa peke yake. Mmarekani William Labov, mtaalamu wa lugha, mwaka 1963 alitoa utafiti wa kisiwa cha Martha's Vineyard kule Massachusetts, kisiwa cha wavuvi ambacho kila kiangazi kinajaa wageni wa bara wenye pesa. Akakuta wenyeji wanatamka irabu fulani kwa namna ya kizamani ya kisiwani, na wanaoongoza ni wavuvi wa Chilmark na watu wa miaka 30 na kitu mpaka 45, watu waliokuwa wanabanwa hasa na maisha, na kila anayekipenda kisiwa na kutaka kubaki ndo anaitamka zaidi, anayetaka kuondoka anaiacha. Nikisoma hayo namuona bibi wa Wete na kiakula chake. Na Mmarekani mwengine, John Baugh, yeye na wenzake mwaka 1999 walionesha kitu cha simu: alipiga kwa wenye nyumba za kupangisha huko California kwa lafudhi tatu, ile ya Wamarekani weusi, ile ya wenye asili ya Mexico, na ile inayohesabika ya kawaida, mtu ni yule yule na nyumba ni zile zile, na lafudhi mbili za mwanzo zikapata miadi michache zaidi hasa kwenye mitaa ya Wazungu. Sauti tu, uso haujaonekana. Voisi ya sekunde tatu inatosha.

Na sisi hapa sauti ya Kipemba ilikuwa inabeba mzigo zaidi ya huo. Tangu vyama vingi viliporudi 1992, na chaguzi zile za 1995 na 2000 tulizoziona, mtu akisikika tu Mpemba watu wa upande wa pili walijiona wameshajua anapigia nani kura, na wenye duka wa Darajani na wapangaji wa Mpendae wanajua nazungumza nini. Maridhiano yamekuja, serikali ya umoja wa kitaifa 2010, mambo yamelainika, lakini masikio hayakubadilika siku moja na katiba. Kijana wetu alikuwa mdogo wakati huo na siasa hana habari nayo. Sikio linalomsikiliza lina umri mkubwa kuliko yeye.

Sasa tulichofanya. Niliomba kikao kingine, kidogo, cha supavaiza, kijana, dereva, mtu wa buking na mie. Niliomba voisi isichezwe tena mbele ya watu, na supavaiza kwa hilo alikubali mara moja. Nikaenda na kamusi ya Kipemba iliyotolewa na BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wametoa pia ya Kitumbatu na ya Kimakunduchi, nikaiweka mezani. Sikuileta ili kumfundisha mtu, niliileta kwa sababu barua imesema "hakieleweki", na kitu chenye kamusi na kanuni kinaeleweka na watu wengi sana ila aliyeandika barua hakuwa mmoja wao. Supavaiza akaifungua, akakaa nayo, akauliza maswali ya kweli. Mtu wa buking alinyamaza kikao chote mpaka nilipouliza taarifa ya ndege iliingia saa ngapi, hapo akajibu, na kila mtu akaona ilivokaa.

Tukakubaliana mambo ya kazi, na niliyapenda kwa sababu hayakumtaka Mpemba peke yake abadilike. Kila ujumbe wa kuchukua wageni unataja jina la mgeni na namba ya ndege. Dereva anajibu kwa moja ya maneno matatu tu: bado, nimefika, wameingia garini. "Niko njiani" imekatazwa kwa wote, mana ndo kauli iliyotuumiza. Buking wakipata mabadiliko wanampigia dereva wenyewe, hawamwachii mtu wa mapokezi abahatishe. Baada ya hapo sikuletewa lalamiko jengine la mgeni kuachwa uwanjani, na watu wa Morogoro, Micheweni na Mwembetanga wanaandikiana kwenye grupu lile lile.

Faili ndo lilikuwa gumu. Menija alitaka kijana arudi mapokezi na barua ibaki, eti haina madhara. Ina madhara. Kijana akiomba kazi hoteli nyengine wakipiga simu kuuliza, kitu cha kwanza kitakachosomwa ni kwamba hajui lugha yake mwenyewe. Nilikataa, tukavutana, mwisho ikaandikwa barua mpya inayoeleza tukio kama lilivo na sehemu ya kila mmoja, dereva, buking, mapokezi, na ile ya zamani ikatolewa. Supavaiza aliisaini. Kasaini kwa roho safi au kwa kuchoka, siwezi kumsemea, lakini baadae nilimkuta akimuuliza kijana vipi kwao wanasema "hatujafika", na hakuwa anatania.

Kijana karudi mapokezi msimu ulipofunguka baada ya mvua za masika. Kazi yake nzuri kama zamani, wageni wake wamerudi. Ila amebadilika. Kwenye simu anazungumza kama msoma habari, kila silabi mahali pake, "je, umeshawachukua", polepole, na mbele ya watu wa mjini anazungumza maneno machache sana. Kitaliana ndo anachocheka nacho. Nilimwambia siku moja, mdogo wangu, hapa ofisini kwangu zungumza unavotaka, akacheka akasema ahsante dada, akaniambia kwa Kiunguja safi. Yule dada wa buking hakuwahi kumuomba radhi, nimemwambia yeye na wenzake kwamba jambo lile lilikuwa ubaya mkubwa kuliko barua, mana barua imetoka na kicheko bado kijana anakisikia, na sitaacha kuwaambia watu wa mjini hivo, sisi tunaosema kaja, kenda, kafika kutwa nzima tukaona ni uswahili wetu mzuri, kisha Mpemba akisema kufika tunashika mbavu.

Tangazo la kazi la mapokezi nimelibadilisha. Palipokuwa pameandikwa "awe na Kiswahili fasaha" sasa pameandikwa "aweze kupokea na kufikisha taarifa za wageni kwa usahihi, kwa Kiswahili na lugha moja ya kigeni", na menija kalipitisha. Kwa madereva na walinzi ule mstari wa zamani bado upo, na barua yangu kuhusu huo iko mezani kwake.